Ndiyo, ile sauti ni yangu

Kwa kuwa ile sauti niliyoituma WhatsApp kwa bahati mbaya imeshafika mpaka Kolwezi, afadhali nisimulie mwenyewe. Aliyeisambaza (simtaji, anajijua, na deni langu hajalipa) ameikata mwanzo, ili muone mimi ni mlafi tu. Mwanzo ulikuwa mtamu! Nilikuwa natoa somo kwenye kikundi cha familia.

Tangu tumbo lipungue nimejipa udokta, mnajua. Natoka soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kwa miguu, nikafunga kile kikufuli cha kurekodi ili mikono ibaki huru, nikaanza: "Familia, OMS, lile Shirika la Afya Duniani, inasema sukari ya kuongeza ikibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndiyo vizuri zaidi, karibu vijiko 6 vidogo. Kola moja ya nusu lita inapita gramu 50. Na asali musijidanganye, nayo iko mu hesabu. Hamu isikukute na njaa: asubuhi kula mayai ao maharage. Ikikushika bado, kamata embe nzima, usiikamue juisi." Sauti nzito, ya mchungaji kabisa. Nikamaliza, simu mfukoni. Kikufuli sikukigusa.

Docta mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai kavu.

Na pale kona kuna mama wa vitumbula. Wa Lubumbashi hamhitaji maelezo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnarudisha nyuma. Kwanza mafuta: chwaaa. Kisha mimi: "Mama, unipe vya elfu moja." Kimya. "Hapana, ile kubwa. Ile ya pembeni, yenye imeungua kidogo." Kimya tena. Halafu kru, kru, na mtu anapumua kwa pua kama anabeba gunia la makaa. Halafu, polepole, kwa sauti ya mtu aliye kwenye maombi: "Yesu."

(Hiyo "Yesu" sasa ni mlio wa simu wa binamu zangu. Asanteni.)

Haijaisha. "Mama, na matabishi, nyongeza yangu?" Mama anajibu, tena kwa sauti safi kuliko yangu: "Papa, matabishi nilishakupa mara mbili." Kisha mimi, bila haya: "Kola iko baridi?" Tsss.

Nikatoa simu kuangalia saa. Kidole kina mafuta. Kikateleza, kikagusa mshale. Naona tu sauti inapanda kwenye kikundi. Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu. Nikaibonyeza, nikaibonyeza tena, maneno mawili yakatokea: futa kwa wote, futa kwangu. Niliona kabisa la kwanza. Nililiendea la kwanza. Kidole kikatua kwenye la pili. Ikapotea kwangu, ikabaki kwa watu wote wa ukoo. Kile kitufe cha kutengua kinakaa sekunde chache tu, na sekunde hizo mimi nilikuwa napangusa kidole kwenye suruali.

Basi. Nikazima simu, nikalala, nikaamka nimeshakuwa statusi ya watu nisiowajua. Mchungaji ameisikia. Shemeji ameuliza kona ni ipi.

Aliyeniua ni tantine, shangazi yetu wa Likasi, mwenye ugonjwa wa sukari, anayepima damu yake kila asubuhi bila kupigia mtu kelele. Ameandika mara moja tu: "Docta, nimefuata hesabu yako. Kola imemaliza sukari yako ya leo na ya kesho. Vitumbula sijavihesabu, juu ya heshima."