Ifungueni hiyo koki

Juzi alfajiri nilikuwa dikoni Malindi. Jodari wa watu wamelazwa juu ya turubai, barafu hakuna. Mzee mmoja mwenye mashua alimwinamia wake, akambonyeza ubavu kwa kidole gumba, nyama ikabaki na shimo. Samaki akishabaki na shimo, bei imeondoka. Kiwanda alichozowea kuchukua barafu kilimwambia mabonge hayajashika: kaskazi hii, joto kali, kompresa, ile pampu inayobana gesi ya kupozea, imechoka, inasubiriwa mpya.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi, nikaenda hapo kiwandani, nikaomba kupanda juu kwenye mitambo. Kompresa nzima. Lakini kondensa, ile sehemu ya kutolea joto nje, imekuwa nyeupe kama jiwe la tumbawe, nusu ya nozeli za kunyunyizia maji zimeziba, na ile koki ndogo ya kupunguzia maji ya beseni imefungwa kwa waya. "Tunaokoa maji, fundi," kijana wa zamu akanambia. Roho iliniuma, maana ndivyo alivyofunzwa.

Jamani, kondensa ya maji ni mtungi wa bibi. Mtungi unatoka jasho, upepo unalichukua, maji ya ndani yanapoa. Kule juu, ndani ya koili, yale mabomba yaliyokunjwa, mna amonia, gesi ya kupozea, inayotoka kwenye kompresa, mvuke wa moto wenye presha. Nje ya koili maji yananyunyizwa, feni inavuta hewa, maji kidogo yanageuka mvuke na kuondoka na joto, na amonia inakuwa kioevu tena, inarudi kazini. Kilo moja ya maji ikipanda nyuzi 5 inabeba kilojuli 21 tu. Kilo hiyo hiyo ikigeuka mvuke inabeba kama 2,400. Nguvu yote imo ndani ya jasho hilo.

Lakini kinachoondoka ni maji matupu, chumvi na chokaa zinabaki. Waulizeni wanaovuna chumvi Pemba: wanaingiza maji ya bahari shambani, jua linayanywa, wao wanakwangua kilichobaki. Na maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya chokaa, tazama ndani ya birika la kwako. Ile koki haimwagi ovyo. Inatoa maji mazito kidogo kidogo ili boya liingize mapya. Ukiifunga, umegeuza kondensa kuwa shamba la chumvi. Chokaa inashika kwenye mabomba, joto linakosa pa kutokea, presha na joto la amonia vinapanda, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hapo kompresa inakula umeme zaidi, takriban asilimia 2 hadi 3. Ndoo za maji umeziokoa, umeme unaulipia, na barafu huna! Wala usije ukaichokonoa chokaa kwa bisibisi, utatoboa bomba, na amonia si kitu cha kuvuta puani.

Wapo wanaosema hewa yetu ina unyevu mwingi, mitambo hii ni ya nchi kavu. Nakubali, mtungi hupoza zaidi upepo ukiwa mkavu. Lakini siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi husoma kati ya 26 na 27, na kondensa ya maji inafuata hicho. Ya upepo mtupu inafuata 32. Kwa duka la juisi, haya, weka ya upepo. Kwa kiwanda cha barafu ya wavuvi, hapana.

Na beseni lisafishwe. Maji ya uvuguvugu yenye uchafu hulea vijidudu vya mapafu, vile vilivyojulikana baada ya watu kuugua Philadelphia mwaka 1976.

Nilimwomba kijana koleo, nikakata waya. Maji yalitoka meupe kama tui la pili. Akakinga kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi tupu, fundi."