IMRT au boksi la miale minne: mionzi ipi ya nje kwa saratani ya mlango wa kizazi?

Hospitali ikishafunga LINAC (mashine ya umeme ya kutibu kwa mionzi) yenye uwezo wa IMRT, yaani mionzi ambayo nguvu yake hubadilishwa ndani ya kila mwale, shinikizo la kuitumia kwa kila mgonjwa huanza mara moja. Muuzaji anaisifu, madaktari vijana wanataka kuizoea, na mgonjwa mwenye bima ameshasikia kwamba ndiyo ya kisasa. Upande wa pili wapo wanaosema boksi, njia ya zamani ya miale minne, limetibu wanawake kwa miongo mingi, sasa ya nini kuhangaika? Kila upande una hoja, lakini ubishi wao mara nyingi hauhusu kinachoamua kama mgonjwa atapona.

Boksi ni miale minne inayoingia nyonga kutoka mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kwa picha za CT, daktari huchora uvimbe, kizazi na tezi za limfu, kisha kila mwale hukatwa kufuata umbo hilo. Kilichomo ndani ya boksi, utumbo na kibofu vikiwemo, kinapata karibu dozi yote. Katika IMRT miale ni mingi zaidi, na vibao vidogo vya chuma kwenye kichwa cha mashine huingia na kutoka ili kupunguza au kuongeza nguvu ya kila sehemu ya mwale. Dozi hufuata mzunguko wa tezi na kuuacha utumbo ulio katikati. VMAT ni IMRT inayotolewa huku mashine ikimzunguka mgonjwa, na mionzi yenyewe humalizika kwa dakika mbili au tatu.

Dozi kwa njia zote mbili ni ileile: kwa kawaida Gy 45 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, siku tano kwa wiki, pamoja na sisplatini, dawa ya saratani, mg 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili mara moja kwa wiki. Hapo ndipo watetezi wa boksi wanapopata nguvu, kwani uvimbe haujui dozi imekuja kwa njia gani.

Utumbo, hata hivyo, unajua. Utafiti wa PARCER ulioongozwa na Tata Memorial ya Mumbai ulilinganisha njia hizi kwa wanawake 300 waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Baada ya miaka mitatu, madhara ya kudumu ya utumbo ya daraja la pili au zaidi yaliwapata asilimia 21.1 ya waliopewa IMRT yenye picha kabla ya kipindi, na asilimia 42.4 ya waliopewa mionzi ya kawaida. Kurudi kwa ugonjwa kwenye nyonga hakukutofautiana. Madhara hayo si madogo: mwanamke wa miaka 45 aliyepona saratani anaweza kuishi miongo mingine mitatu akiharisha, akitokwa damu au akiogopa kupanda daladala ya safari ndefu. Tena utafiti huu ulifanyika India, kwa hiyo hoja kwamba IMRT ni anasa ya Ulaya haina mashiko.

Lakini soma tena neno “upasuaji”. Kizazi kikiondolewa, utumbo mwembamba hushuka kujaza nafasi yake, na ndiyo maana faida ya kuukwepa ni kubwa. Utafiti wa TIME-C wa Marekani, uliowauliza wagonjwa wenyewe kuhusu kuharisha, nao ulikuwa wa waliofanyiwa upasuaji. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika ugonjwa ukiwa umesambaa kando ya kizazi, hatua ya IIB au III, ambapo upasuaji hauna nafasi tena. Kwao kizazi bado kipo, na kizazi hakitulii.

Kibofu kikijaa, kizazi huinuka na kurudi nyuma; kikiwa kitupu, huanguka mbele. Ncha yake inaweza kuhama zaidi ya sentimita mbili kati ya siku na siku. Boksi ni pana, linasamehe. IMRT yenye ukingo wa ziada wa milimita tano kuzunguka eneo linalotibiwa haisamehi. Ndiyo sababu mgonjwa hupigwa CT mara mbili, kibofu kikiwa kimejaa na kikiwa kitupu, ili eneo litakalotibiwa lijumuishe mwendo wote wa kizazi. Kisha kila siku anatakiwa akojoe, anywe maji kama nusu lita, asubiri dakika 45, apigwe picha mezani, ndipo atibiwe. Kwenye karatasi ni rahisi. Mashine ikichelewa saa moja, aliye kwenye benchi na chupa yake tupu ama atakojoa, ama ataingia na kibofu kilichojaa kupita kiasi. Kufika wiki ya nne, mionzi imeshaunguza kibofu na hawezi kuhimili hata nusu ya kiasi cha awali. Kituo kisichopiga picha ya kila siku na kukataa kutibu pale kizazi kinapotoka nje ya ukingo, kinafanya IMRT ya jina tu. Boksi lingemlinda mgonjwa huyo vizuri zaidi.

Kuna pia kazi isiyoonekana. Mpango wa boksi unaweza kukamilika siku hiyohiyo. Wa IMRT unahitaji kuchora tezi na viungo kipande kwa kipande, kompyuta kutafuta mpangilio, kisha mwanafizikia tiba kuupima kwenye mashine kabla ya mgonjwa kuguswa. Kukiwa na mwanafizikia mmoja au wawili, foleni inahamia kwenye meza ya mipango. Na muda ni dawa: tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, maana ikirefuka, uwezo wa kudhibiti ugonjwa hupungua.

Mionzi ya ndani ndiyo inayoamua kupona. Gy 45 za nje hazitoshi kuua uvimbe mkubwa. Vipindi vinne vya Gy 7 kupitia mrija unaowekwa ndani ya kizazi huisukuma jumla hadi takribani Gy 84 ikigeuzwa kuwa hesabu ya vipindi vya Gy 2 (Gy 7 kwa mara moja huumiza uvimbe kuliko Gy 7 zilizogawanywa), wakati lengo la sasa ni 85 au zaidi. Hakuna mpangilio wa miale ya nje unaofikisha dozi hiyo bila kuunguza puru na kibofu. Marekani, kati ya 1988 na 2009, matumizi ya mionzi ya ndani yalishuka kutoka asilimia 83 hadi 58, na wasioipata waliishi muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kama fedha inatosha jambo moja, ni afadhali kununua chanzo kipya cha iridiamu cha mionzi ya ndani, ambacho nguvu yake hupungua nusu kila siku 74, au kuchagua kobalti inayochukua miaka mitano na ushei, kuliko leseni ya VMAT.

Mahali pa kuanzia IMRT ni kwa waliofanyiwa upasuaji na wale wenye tezi zilizovimba hadi kando ya mshipa mkuu wa tumboni, ambako boksi lingepitisha dozi kwenye figo na utumbo mwingi. Wenye uvimbe mkubwa na kizazi kinachocheza wasubiri hadi picha ya kila siku iwe mazoea.

Na kila mgonjwa wa IMRT awe na mpango wa akiba wa boksi uliokwisha kukaguliwa. Uganda ilibaki bila mashine ya mionzi baada ya ile yake pekee ya kobalti kuharibika 2016, na LINAC ina vipuri vingi zaidi vya kuharibika. Mpango wa IMRT hauhamishiki kwenye mashine ya aina nyingine, ila boksi linaweza kukokotolewa upya kwa kobalti ya chumba cha pili na mgonjwa akaendelea kesho yake.