Supamaketi Ikihama, Kodi Analipa Nani?

Sisi watu wa Nairobi moli tunaiita kwa jina lake, lakini tunaipima kwa supamaketi iliyomo. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, na Uchumi ilikaa mle miaka mingi hadi ikaonekana kama sehemu ya kuta. Leo ukiingia unakuta Carrefour. Text Book Centre bado ipo, na kila Januari wazazi hujipanga foleni wakiwa na orodha za vitabu vya shule.

Kisha ikaja enzi ya supamaketi za Nakumatt. Biashara hiyo ilianzia kwenye magodoro kule Nakuru, na jina lenyewe limetokana na huko. Ilifika mahali ikawa moli mpya bila ndovu wa nembo ya Nakumatt si moli: Junction, Prestige, Westgate, TRM (Thika Road Mall), Garden City. Wenye majumba walimbembeleza. Kwa kawaida mpangaji mkubwa hupewa bei nafuu kwa kila futi ya mraba kwa sababu ndiye anayevuta watu, na wauza simu, viatu na vipodozi wanaomzunguka ndio hutozwa bei kali. Ni hesabu nzuri, mradi mkubwa yupo.

Mwaka 2017 mkubwa akayumba. Nani amesahau rafu zile? Chupa za maji mstari mmoja mbele, nyuma patupu. Bidhaa ya aina moja imetandazwa ukuta mzima kuficha pengo. Wasambazaji walikuwa wamechoka kudai. Carrefour ikachukua nafasi TRM na Junction. Pale Westgate, Nakumatt ilikuwa imerudi mwaka 2015 baada ya shambulio la 2013. Magaidi hawakuweza kuing'oa, madeni yakaweza. Shoprite ya Afrika Kusini ikaingia mahali pake Desemba 2018, na kufikia 2020 ilishatangaza kufunga virago Kenya. Supamaketi ya Naivas nayo ikachukua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt kwa shilingi milioni 422.

Hayo magazeti yaliyaandika vizuri. Mimi namfikiria dada mmoja ninayemfahamu, ana kibanda cha vipodozi kwenye moli ambayo sitaitaja. Supamaketi ya pale ilipofungwa, walinzi waliendelea kukagua mikoba mlangoni na muziki ukaendelea kulia kwenye spika, ila wa kukaguliwa hawakuwepo. Dada alishinda kutwa akipangusa vumbi chupa zile zile za losheni. Kodi haikushuka hata shilingi, na ada ya usafi, ulinzi na jenereta ilikuja tarehe ile ile. Alipokwenda ofisini kulalamika, akajibiwa kwamba mkataba ni mkataba.

Sawa, basi tuuandike upya. Marekani kuna mikataba ya moli yenye kipengele kinachosema duka kubwa likiondoka, wadogo wanapunguziwa kodi, na pengo likidumu wanaruhusiwa kuondoka bila kutozwa fidia. Wala si sadaka. Huyu mwanamke hakupanga kuta nne na taa. Alipanga njia wanayopita watu wakitoka kununua unga na maziwa, na hiyo ndiyo sababu alikubali bei ile. Watu wakiisha, alichouziwa hakipo.

Najua landilodi naye ana mkopo benki, na benki haisikii hadithi. Lakini aliyemchagua mpangaji mkubwa ni yeye. Ndiye aliyekaa naye mezani, akamkatia bei, akamvumilia alipoanza kuchelewesha kodi. Muuza losheni akichelewa wiki mbili anakuta kufuli mlangoni. Sijui kwa nini hatari ya uamuzi huo ibebwe na mtu ambaye hata hakuulizwa.

Mkataba wa dada unakwisha Desemba. Nimemshauri atafute wakili aongeze kipengele hicho kimoja kabla ya kutia sahihi. Akacheka, akaniuliza huyo wakili atalipwa na nani.