Watu wawili na ushei

Kilichoniponza ni kujisomea kabla ya safari. Loreto, mkoa wa msituni kule Peru, una kilomita za mraba zaidi ya 368,000, unazidi theluthi ya Tanzania nzima, na sensa ya 2017 ilikuta humo watu 883,510 tu. Nikapiga hesabu: kila kilomita ya mraba, watu wawili na ushei. Mie mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye kubanwa na daladala, nikajua huko nitajinyoosha.

Iquitos, mji mkuu wao, haufikiki kwa barabara kutoka kwingine Peru. Ni ndege au mto. Nikaenda bandari ya Yurimaguas, nikakuta ubao wa chaki: "Tunaondoka leo." Leo hiyo ilifika kesho yake jioni, maana chombo kilikuwa kinangoja mzigo kama basi linavyongoja abiria. Kupanda, nakuta machela, vile vitanda vya nguo vya kuning'inia, zimebanana kama nguo kwenye kamba, nyingine juu ya nyingine. Chini mikungu ya ndizi, pikipiki, matenga ya kuku. Wale watu wawili wa kila kilomita walikuwa wamekuja wote, na mashemeji zao.

"Nikufungie, kijana?" bibi mmoja akaniuliza kwa Kihispania.

Nikamtazama kwa huruma. Mtu wa pwani afungiwe kamba? Nikamwambia babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. (Alikuwa anauza maandazi bandarini, lakini yeye angejuaje?) Nikapiga fundo langu juu yake, nikalala.

Usiku wa manane nikasikia krrr. Kamba ya nailoni, bwana, haina utani. Nikamshukia bibi, kamba yake nayo ikakatika, tukamshukia mzee aliyelala sakafuni, na mguu wangu ukazama kwenye tenga. Katika nchi ambayo waweza kutembea kutwa usikutane na mtu, nikawaangukia wawili kwa mpigo. Na ushei, ambao alikuwa kuku.

Asubuhi bibi akanifungia mwenyewe, kando ya choo, chini kabisa, makalio yakigusa mbao. Kesho yake tukafika pale mito ya Marañón na Ucayali inapokutana kuizaa Amazon. Abiria wote wakakimbilia ukingoni kutazama. Nami nikanyanyuka.

"Wewe kaa," bibi akasema, akaniwekea kuku mapajani. "Mshike huyu. Ameshakuzoea."