Kushika kamera si kutayarisha filamu
Eti anayejua kupiga picha na kuhariri tayari ni mtayarishaji? Hapo sikubaliani na makala niliyoisoma, inayodai kwamba kozi ya kamera na uhariri inatosha kumfanya mtu mtayarishaji wa filamu. Nilisoma kozi ya namna hiyo: miezi mitatu ya lenzi na taa, mkataba hatukuufungua hata mmoja. Filamu yangu ya kwanza ikakwama kwa msambazaji kwa kukosa kibali cha maandishi cha wimbo mmoja tu, na mtunzi wake ni rafiki yangu! Kazi hii ni bajeti, ratiba, bima, hakimiliki, na ile asilimia 10 ya bajeti inayotengwa kwa dharura, ambayo mgeni huifuta kwanza akibanwa. Hayo niliyajua baadaye, nikiwa msaidizi wa meneja wa uzalishaji. Kuna aliyepata kozi inayomkalisha mwanafunzi na bajeti halisi mpaka hesabu zifungwe?