Semina elekezi haikuniambia kikombe ni cha nani

Siku yangu ya kwanza ofisini nilipewa kitambulisho, kabrasha la kanuni za utumishi na semina elekezi ya siku mbili. Hakuna aliyeniambia kwamba kikombe cha bluu ni cha mhasibu. Nilijua saa nne, wakati wa chai, nikiwa nimeshakinywea.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa masijala. "Mwanangu, njoo ukae hapa." Kwake nilijifunza kazi: bosi yupi husoma dokezo na yupi hutaka aelezwe kwa mdomo, na kwamba faili la haraka halisubiri mhudumu, unalibeba mwenyewe. Hayo hayakuwamo kwenye kabrasha.

Mdogo wangu aliingia gereji kama saidia fundi, bila semina yoyote. "Lete kumi na saba!" Akaleta spana namba 14, akafokewa mbele ya watu, yakaisha. Lakini pale chini ya mwembe kila kitu kiko wazi: fundi akikosea anaonekana, akipatana bei anasikika, hata namna anavyomwambia mteja kwamba injini imekufa. Sisi ofisini yote hayo hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa. Halafu kijana akikosea tunasema vijana wa siku hizi hawajui kuishi na watu. Angejulia wapi? Baadhi ya walioajiriwa 2020, wakati wa korona, wakaanzia kazi sebuleni kwao, kwenye Zoom, hata wa kumwamkia shikamoo hawakumjua.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiriwa mpya awekwe kwenye majaribio ya miezi 6, na mfanyakazi akikubali yanaweza kuongezwa hadi jumla ya 12. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka huohuo zinataka yasizidi miezi 12. Muda wote huo anayepimwa ni mgeni peke yake. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha "ushirikiano na wenzake", nami nilikuwa nimewekwa chumba cha mwisho wa korido, mimi na mashine mbovu ya fotokopi. Nilipata alama ya wastani. Mashine haikuulizwa.

Siku hizi nikipokea mgeni, wiki mbili za kwanza namwekea meza masijala, watu wanapopita na kubishana. Kabrasha atalisoma nyumbani akipenda. Kikombe aje na chake.