Mei 17 ni ya nani?

Asubuhi ya tarehe 17 Mei nilikuwa kwenye matatu kutoka Kondele kwenda mjini, redio juu kama kawaida, mtangazaji akafika kwenye kipande chake cha "siku kama ya leo katika muziki". Akataja mambo manne. Enya, yule mwimbaji wa Ireland, alizaliwa 1961. Trent Reznor wa Nine Inch Nails, 1965. Mwaka 1966 Bob Dylan aliitwa Yuda akiwa jukwaani Manchester. Mwaka 2012 Donna Summer, malkia wa disko, aliaga dunia huko Florida. Likafuata tangazo la unga, kisha wimbo wa Donna Summer, na kabla haujaisha tukawa tumefika steji.

Daniel Owino Misiani hakutajwa. Mzee huyo wa Shirati Jazz, bendi ya benga, muziki wa gita wa Wajaluo, alifariki tarehe hiyohiyo, 17 Mei 2006, kwa ajali ya barabarani, tena hakufia Manchester wala Florida. Alifia hapahapa Kisumu.

Stesheni yenyewe sitaitaja, maana kosa lake ni la stesheni nyingi. Mtangazaji wa asubuhi ameamka saa tisa usiku, hana mtu wa kumfanyia utafiti, anafungua simu na kusoma orodha iliyoandaliwa na watu wa Uingereza au Marekani kwa ajili ya wasikilizaji wao. Hao hawana sababu ya kumjua Misiani. Kilichonikaa moyoni ni swali lililo nyuma ya hapo: hii tabia ya kuipanga historia ya muziki kwa tarehe inatufaa sisi, au tumevaa shati lililokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine?

Niitetee kwanza, kwa sababu wanaoipinga huwa hawaipi nafasi.

Tarehe ni kisingizio, na redio huishi kwa visingizio. Hakuna meneja wa vipindi atakayekuruhusu kupiga wimbo wa miaka ishirini iliyopita saa moja asubuhi kwa sababu tu unaupenda. Mwambie ni kumbukizi, atakuachia dakika nne. Angalia kinachotokea kila tarehe 16 Machi. Siku hiyo, mwaka 2003, Issah Mmari, rapa wetu tuliyemjua kama E-Sir, alikufa kwa ajali akitoka Nakuru alikokuwa ametumbuiza, akirejea Nairobi. Alikuwa na miaka 21. Machi ikifika nyimbo zake hurudi hewani, na vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule wanaziimba neno kwa neno. Bila ile tarehe, sidhani zingerudi kwa wingi huo.

Isitoshe, kalenda haijui ukubwa wa mtu wala haiulizi pasipoti. Tarehe 16 Machi hiyohiyo, mwaka 1970, alifariki Tammi Terrell, binti wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliyeimba na Marvin Gaye. Alikuwa na miaka 24. Ukiwaweka pamoja, E-Sir haonekani tena kama jambo la mtaani kwetu tu.

Na Mei 17 ndiyo iliyonifanya nisikimbilie kuitupa kalenda. Turudi Manchester. Dylan, akiwa bado wiki moja atimize miaka 25, aliimba nusu ya kwanza ya onyesho peke yake, na gita la mbao na harmonika, ukumbi ukiwa kimya kama kanisa. Nusu ya pili akarudi na bendi nzima na magita ya umeme. Baadhi ya watu waliona wamesalitiwa. Kwao wimbo wa wananchi ulikuwa gita la mbao na sauti, basi. Mmoja akapaza sauti: Yuda! Dylan akamjibu kwamba hamwamini, kwamba ni mwongo, kisha bendi ikaingia kwa kishindo.

Sasa tazama upande huu wa ziwa katika muongo uleule. Vijana wa Kijaluo, Misiani akiwa miongoni mwao, walikuwa wanauhamisha mdundo wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo, kwenye gita la umeme. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, vidole vinakimbizana juu ya nyuzi huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mti wa chombo kushika mapigo. Ukiisikiliza benga vizuri utaona kila kiungo kimepata kazi mpya: gita la solo limechukua vidole, linafuata sauti ya mwimbaji na kumjibu, halafu maneno yakiisha linatimua mbio lenyewe. Besi, ukiniuliza mimi, ndiyo ile pete ya mguuni. Dylan alionekana anaikimbia mila kwa kushika umeme. Huku kwetu umeme ulikuja kuibeba nyatiti na kuipeleka kwenye baa na kumbi ambako chombo chenyewe kingezimwa na kelele za walevi. Kitendo ni kilekile, maana yake imepinduka. Nisingewaza kuwakalisha wanaume hawa wawili kwenye benchi moja kama kalenda isingewakalisha kwanza.

Hiyo ni sifa yake, na nimeitoa bila kinyongo. Lakini kuna jambo linaloniuma.

Soma tena ile orodha ya asubuhi. Enya na Reznor wanakumbukwa kwa kuzaliwa. Dylan anakumbukwa kwa kazi, usiku mmoja jukwaani. Misiani angeingizwa, angeingia kwa ajali. E-Sir pia ni ajali. Orodha hizi zikifika kwetu hugeuka daftari la marehemu, kwa sababu mara nyingi siku pekee yenye uhakika katika maisha ya mwanamuziki wetu ni ile magazeti yalipoandika kwamba amefariki. Misiani anayo tarehe ya kuzaliwa, 22 Februari 1940, upande wa Shirati nchini Tanzania, na kwa kizazi chake hilo ni bahati. Wazee wengi wa rika lake vitambulisho vyao husema 1 Januari, siku aliyowapa karani ambaye hakuwa na muda wa kubishana. Redio ikitaka kuwatakia wote heri ya kuzaliwa, tarehe 1 Januari ingehitaji mwezi mzima.

Si kwamba watu hawa hawakutunza wakati. Otieno alizaliwa usiku, Onyango jua likipanda, Okoth mvua ikinyesha. Saa ya siku imo ndani ya jina, hata hali ya hewa imo. Kilichokosekana ni namba ya tarehe. Muziki wao nao ulitunzwa hivyohivyo. Kwenye pakruok, pale watu wanapojisifu na kusifiana mbele ya mpigaji huku pesa zikitoka, linalobaki ni majina. Benga ilirithi mtindo huo: wimbo unamtaja tajiri aliyefadhili, mkewe, kijiji chake, pengine gari lake. Mpe mzee santuri asikilize, hatakupa tarehe. Atakwambia, "Hapa fulani alikuwa hajahama," au "huyu anayesifiwa alikuwa bado hajafilisika." Ni kalenda, ila inasomwa kwa watu.

Na santuri zenyewe? Chukua sahani ndogo ya benga ya miaka ya 1970. Lebo ina jina la wimbo, bendi, mtunzi na namba ya toleo. Siku ya kurekodi haimo, na mara nyingi hata mwaka haumo. Wanamuziki walipanda basi hadi Nairobi, wakaingia studio, wakalipwa kidogo, wakarudi nyumbani. Nani alikuwa na haja ya kuandika kwamba ilikuwa Alhamisi?

Matokeo yake ni kwamba mambo makubwa kabisa ya muziki wetu hayana siku. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alitoa santuri za benga zilizosafiri hadi kusini mwa Afrika, zikapendwa Zimbabwe kiasi kwamba watu wa huko waliuita muziki wenyewe "kanindo", jina la muuzaji likameza jina la mtindo. Hilo lilitokea tarehe gani? Halikutokea tarehe yoyote. Lilitokea sahani kwa sahani, duka kwa duka. Orodha ya "siku kama ya leo" haina mahali pa kuliweka, kwa hiyo halimo, na lisipokuwemo kijana wa Kisumu anakua akijua alipozaliwa Enya bila kujua kwamba mtindo wa kwao uliwahi kubatizwa upya nchi ya mbali.

Tena wenye makabati yaliyojaa karatasi nao hukosea. Kanda ya lile onyesho la Dylan ilizunguka kimagendo kwa miaka mingi ikidaiwa kuwa ya Royal Albert Hall, London. Ilipotolewa rasmi mwaka 1998 ilielezwa kuwa ni ya Free Trade Hall, Manchester, ingawa jina la zamani liliachwa kwenye jalada, ndani ya alama za kunukuu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kanda ya kurudia na watu waliokuwa ukumbini wa kuuliza. Sisi kanda hatuna, na wa kuuliza wanapungua.

Kuna wanaosema basi tuachane na tarehe kabisa, kwamba ni mambo ya wazungu. Sikubaliani nao. Anayesema hivyo huwa na simu mfukoni yenye siku za kuzaliwa za marafiki zake wote. Misiani aliimba kwa mafumbo ya Biblia na ya wanyama, akawachokoza wakubwa mpaka akawekwa ndani zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo anastahili siku yake hewani, hata kama siku tuliyo nayo ni ile mbaya. Ninachokataa ni kuishia pale. Ukisema amekufa leo mwaka 2006, umebakiwa na dakika tatu na nusu. Zitumie kueleza gita lile lilikuwa linafanya nini. Na kwa yale yasiyo na tarehe, Ketebul Music, studio ya Nairobi inayohifadhi muziki wa zamani, imeonyesha kwamba yanawezekana: unawafuata wazee, unawarekodi, unaandika. Stesheni ya hapa Kisumu haihitaji hata nauli ya Nairobi, wazee wako soko la Kibuye.

Nilikwenda mwenyewe Jumapili iliyofuata. Kuna jaduong', yaani mzee, mmoja pale sokoni hutengeneza amplifaya na redio za zamani, na ana kasha la santuri ambalo haliuzi, ila ukimsalimia vizuri atakuonyesha. Nikamuuliza kama anakumbuka Misiani alikufa lini.

"Tarehe sijui, kijana wangu. Lakini ilikuwa Jumatano. Mtu alikuwa ameniletea spika, nikamwambia arudi kesho, leo sifanyi kazi."

Nikatoa simu, nikatafuta. Tarehe 17 Mei 2006 ilikuwa Jumatano. Nikamwambia, naye hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Ni mimi niliyehitaji uthibitisho. Nikamweleza basi habari za redio, kwamba siku hiyo walimtaja Mmarekani mmoja aliyezomewa Uingereza na mama mmoja wa disko aliyefariki.

"Hao nao ilikuwa siku gani?"

Nikatafuta tena. Dylan, Jumanne. Donna Summer, Alhamisi.

Akahesabu kwa vidole. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi," akasema. "Kumbe wanafuatana." Akarudi kwenye waya alizokuwa anachoma.